Makocha wenzangu, utajuaje vile vijana wanakuona kama hakuna mwenye atakuambia?

KiungoWaKivumbini (Nakuru)

Habari za jioni wasee. Niko na timu ya vijana wa chini ya miaka 17 hapa Nakuru, upande wa Kivumbini. Nilikuwa msaidizi kwa hii timu kwa muda mrefu na wakati huo vijana walikuwa wananiambia kila kitu, nani amegombana na nani, nani amekuja bila kukula, nani anataka kuhama, ata vitu zenye sikuwa nataka kusikia. Tangu mzee mwenye alikuwa kocha mkuu apumzike nikapewa timu, hiyo kitu imekatika kabisa. Nikifika uwanjani stori zinaisha. Nikiuliza mazoezi yalikuwa aje naambiwa "poa kocha", nikiuliza mbona tumefungwa naambiwa "ni bahati mbaya kocha", basi, wanafunga viatu.

Matokeo si mabaya so hiyo si shida. Leseni ya ukocha ya CAF D niko nayo na ilinisaidia kupanga mazoezi. Lakini kwa kikundi chetu cha hiyo kozi hatukuwahi kaa chini tuulizane wewe mwenyewe ukikasirika unakuwa mtu wa aina gani, ama presha ikipanda unaongea aje. Nataka kujua nyinyi mlijijua aje. Kuna njia ya mtu kuona vile anaonekana akiwa pale kando ya laini bila kuwaweka vijana kwa kona? Na tafadhali msiniambie nisome kitabu cha motivesheni, nimesoma vya kutosha.

MzeeWaBenchi (Kisumu)

Kijana karibu kwa kiti. Hao wamenyamaza kwa sababu sasa ni wewe mkubwa na hivyo ndivyo inafaa kuwa. Msaidizi ni mjomba, kocha mkuu ni baba, na baba hapigiwi stori. Gor Mahia ya 1987 ilileta kombe la Mandela la Afrika nyumbani, wale Waarabu wa Esperance wakabaki wakitazama, unafikiri kuna mchezaji alipewa karatasi aandike vile anahisi kuhusu kocha? Fika mapema kuliko wao, usikule nauli yao, usipange mtoto wa rafiki yako, hayo mengine ni mambo ya semina.

winga_mstaafu (Nakuru)

😂😂 Mzee kwani ulikuwa chenjirumu ya Gor hiyo 1987 ukaona hakuna mtu ameulizwa kitu?

Kiungo mimi nitakujibu kama mtu wa upande ule mwingine, nimecheza timu za mtaa mpaka nikachoka na magoti. Vile unauliza mbona hawasemi, jibu ni rahisi, ni wewe unaandika majina ya Jumamosi. Ukiwa msaidizi nilikuwa naweza kukuambia kocha mkuu anapenda kumfokea kipa bure kwa sababu hakuna chenye utanifanyia. Sasa nikikuambia wewe ni mkali sana na Jumamosi nipatikane kwa benchi, ata kama ulikuwa umenipumzisha juu ya kifundo cha mguu, mimi nitajua ni ile maneno. Na wenzangu watajua hivyo. Kwa hivyo usichukulie kimya chao kama heshima na pia usichukulie kama chuki, ni hesabu tu mtu anapiga.

Kitu ingine nikuambie kwa sababu uko Nakuru na hapa timu inakuwanga na kila kabila. Kocha wetu mmoja alikuwa mpole sana, Kiswahili safi, lakini mechi ikikaza alikuwa anaanza kuongea na wale wawili watatu wa kwao kwa lugha yao. Hakuwa na ubaya, nafikiri ata alikuwa hajui anafanya. Lakini sisi wengine tulikuwa tunaambiana hapo hapo kwa uwanja, haya, mambo ya familia imeanza. Hiyo kitu iligawanya timu kuliko kufungwa. Sijui wewe ukikasirika unaongea lugha gani, lakini hapo ndio ningeanza kuangalia.

MzeeWaBenchi (Kisumu)

Hiyo ya lugha nakubali. Hiyo ni mbaya.

MadamVoli (Kakamega)

Kocha wa Nakuru pole na hongera kwa kupewa timu. Mimi nafundisha voliboli ya wasichana shule ya upili na nakuambia wasichana wananyamaza kuliko hao vijana wako mara kumi. Unaeleza kitu, unauliza mmeelewa, wote "ndio madam!" na sauti tamu kabisa, halafu mpira ukianza unaona hakuna ata mmoja mwenye alielewa. Kwa hivyo niliacha kuuliza hivyo. Sasa naambia mmoja njoo wewe uwaonyeshe wenzako, na akiwaonyesha vibaya sisemi amekosea, nauliza mwingine angeongeza nini. Hapo ndio najua nilieleza vizuri ama nilikuwa najipigia kelele mwenyewe. Sikuhitaji mtu aniambie chochote kuhusu mimi.

Kwa swali lako la kujiona, chukua simu uiwashe kurekodi sauti, weka kwa mfuko wa traksuti, fanya mazoezi kawaida. Ile siku ya kwanza utaongea vizuri kama mtangazaji wa redio kwa sababu unajua inarekodi, kwa hivyo usihesabu hiyo. Rudia mpaka usahau iko. Halafu usiku ukikaa na chai sikiza, lakini usisikize ujisikie vibaya ama vizuri, sikiza na kalamu. Mimi naangalianga vitu kama, majina gani nimeita na gani sijaita kabisa, ni mara ngapi nimeambia mtu kitu anaweza kufanya (piga magoti, tazama mikono ya seta) na ni mara ngapi nimepiga kelele tu ya hewa (amka! wewe! kwani umelala!). Na nimeuliza maswali mangapi ya kweli yenye nilikuwa sijui jibu.

Usishangae ukichukia sauti yako. Kila mtu huchukia yake.

MwalimuWaMichezo (Bungoma)

Nimesoma zote nikaona niandike kidogo (sitaandika kidogo, mnanijua) juu hii swali kuna watu walishaikalia chini wakaihesabu.

Miaka ya 70 huko Seattle Marekani kulikuwa na wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Ronald Smith na Frank Smoll. Walituma watu wakae kando ya viwanja vya besiboli ya watoto na kazi yao ikawa moja tu, kuandika kila kitu kocha anafanya. Mtoto amecheza poa, kocha amemsifu ama amenyamaza? Mtoto amekosea, kocha amempa moyo, amemwonyesha vile inafanywa, amemfokea, ama amejifanya hajaona? Msimu ulipoisha wakaenda kwa makocha wakawauliza, wewe hii kitu unaifanya mara nyingi kiasi gani, halafu wakauliza watoto swali hilo hilo kuhusu kocha wao. Sasa shida ikaja hapo, yenye makocha walisema kujihusu ilikuwa mbali sana na yenye iliandikwa. Karibu kila kitu isipokuwa kuadhibu, hapo ndio walikuwa wanajijua kidogo. Watoto ndio walikuwa karibu na ukweli kuliko makocha wenyewe. So Kiungo hujachanganyikiwa, habari yako iko kwa winga wako wa miaka 15 na wewe huna, ndio vile binadamu ako.

Kitu ingine yenye waliona, watoto hawakuwa wanapenda kocha juu ya kushinda mechi. Walipenda yule mwenye anawatia moyo na kuwafundisha, ashinde asishinde. Hiyo wazazi wetu wa hapa Bungoma hawawezi kuamini.

Na hawakuishia hapo, baadaye walichukua makocha wakawapa mafunzo ya masaa machache tu. Sifu juhudi usingoje goli, mtoto akikosea mpe moyo kwanza ndio umwonyeshe, na ujiandike mwenyewe baada ya mechi umefanya hayo ama hujafanya. Kwa ule utafiti wenye ulichapishwa 1992, watoto wa hao makocha wenye hawakurudi mwaka uliofuata walikuwa asilimia 5. Kwa makocha wenye hawakufunzwa, asilimia 26. Fikirieni timu zetu za mtaa vile mtoto anapotea tu bila kuaga na sisi tunasema ameshikwa na mambo ya boda, kumbe wakati mwingine si boda.

Lakini ngojeni, sitaki mtu akimbie kutoka hapa akaanze kusifu sifu kila mtu. John Wooden alikuwa kocha wa basketi wa chuo kikuu cha UCLA, alichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10. Msimu wake wa mwisho, 1974 kuingia 1975, watafiti wawili, Gallimore na Tharp, walikaa kwa mazoezi yake wakahesabu yenye anasema. Sifa zilikuwa kama asilimia 7 pekee. Nyingi, karibu robo tatu, zilikuwa maelekezo mafupi mafupi, fanya hivi, usifanye hivi, weka mguu hapa. Kwa hivyo mkali ama mpole si swali la maana sana kwa maoni yangu. Swali ni mtoto akitoka kwa mdomo wako amebeba kitu cha kufanya ama amebeba aibu tu.

Kwa hiyo njia ya Madam ya simu mimi ningeongeza mtu wa kukutazama, kwa sababu simu haioni uso. Kuna kocha anasema "poa, endelea" na huku amegeuka ameshika kichwa mikono miwili, na kijana akaona kichwa hakusikia poa. Yule mchezaji mwenye ako na jeraha badala akae akicheza na simu, mpe daftari aweke alama. Mwambie ni kazi ya kweli, usiifanye kama adhabu.

KiungoWaKivumbini (Nakuru)

Walai mmenijibu kuliko nilivyotarajia, asanteni sana. Mwalimu hiyo ya Seattle imenikalisha. Madam, nitarekodi kesho. Winga hiyo ya lugha… nimecheka lakini si cheko. Nitaangalia.

Mzee nawe pia nakuheshimu ujue, lakini mimi si baba yao, wengine nimewashinda miaka saba tu.

BarabaraYaIten (Eldoret)

Mimi ni wa riadha, sijui mambo ya ofusaidi. Lakini nikisoma Mzee akisema makocha wakubwa hawaulizi nashangaa kidogo. Brother Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's Iten 1976 kutoka Ireland akiwa mwalimu wa jiografia, hakuwa amesomea ukocha wa mbio, kwa hivyo ilibidi atazame wakimbiaji na awasikize ndio ajue kitu. Huyo ndiye alikuja kuwa na David Rudisha mpaka ile 1:40.91 ya mita 800 London 2012. Mtu anaweza kusema Mungu alimpa vipaji vya bure huko Iten, sawa, lakini kipaji pia huharibiwa na mdomo wa kocha, tumeona wengi.

Halafu Patrick Sang, yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji, fedha ya Barcelona 1992 mbio za maji na viunzi. Kambi yake ya Kaptagat kazi za nyumba ni kwa zamu na Kipchoge aliosha choo kama mwingine yeyote, na huyo ni mtu wa 2:01:09 marathon ya Berlin 2022. Mimi hiyo naona ni uongozi kuliko hotuba, kwa sababu kijana mpya akifika hapo hakuna mtu anamwambia hapa tunaheshimiana, anaona bingwa na ndoo. Kiungo jiulize kwa timu yako koni zinabebwa na nani. Kama kila siku ni wale wadogo na kepteni anatembea mikono mfukoni, basi wameshajua mpangilio wa timu na hawakukusikiza wewe ukisema sisi ni familia.

Na Kipchoge anaandikanga mazoezi yake kwa daftari tangu zamani. Kocha pia anaweza. Usiandike mazoezi, hayo unayo. Andika nilimwambia nani nini, na alifanya nini na uso wake.

winga_mstaafu (Nakuru)

Na kama ni hii mambo ya kutoka ndani ya kikosi kuwa mkubwa, Benjamin Ayimba alicheza timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba kabla ya kuifundisha, na alikuwa kijana wa Maseno School hapo karibu na kwenu Mzee. April 2016 wakachapa Fiji 30-7 fainali ya Singapore. Kwa hivyo mtu mwenye amejua chenjirumu anaweza kuongoza vizuri tu, isipokuwa hawezi kujifanya bado ni mmoja wao. Usiende kukaa nao mkichomeana mahindi ukidhani zile stori zitarudi. Hazirudi kaka. Tafuta stori aina ingine.

MzeeWaBenchi (Kisumu)

Mmenikalia wote leo. Sawa.

Wacha niwaambie kitu moja yenye mimi hufanya na sijaitoa kwa semina. Mimi na refa hatuelewani. Najijua. Refa akipuliza filimbi mbaya dakika ya 10 mimi sitaona mpira mpaka mapumziko, nitakuwa naona refa tu. Kwa hivyo nilimpa msaidizi wangu hiyo kazi, mambo yote ya refa na yule wa kibendera ni yake, mimi nikisimama anishike shati anirudishe kwa kiti. Na mapumziko siingii kwa vijana mara moja, nazunguka kwanza goli la nyuma nikikojoa ama nikijifanya nakojoa, nikirudi wameshakunywa maji na kepteni ameshaongea yake, namuuliza umesema nini, nikiona imetosha siongezi.

MadamVoli (Kakamega)

Mzee samahani lakini hii yote umeandika ndio huyu kijana alikuwa anauliza tangu mwanzo 😂 Kujua chenye kinakuharibu kichwa na kumpa mtu mwingine ashike hapo.

MzeeWaBenchi (Kisumu)

Mimi sikusema hakuna kujijua. Nilisema hakuna karatasi.

KiungoWaKivumbini (Nakuru)

Nimerudi na ripoti. Nimerekodi mazoezi ya wiki hii, ya kwanza nikaitupa kama Madam alivyosema (kweli niliongea kama niko redioni, ata nilisema "vijana wangu wapendwa", sijui hiyo ilitoka wapi). Zenye zilifuata nimesikiza. Lugha niko sawa, shukrani Mungu. Lakini majina nimeshangaa. Kiungo namba 8 na straika naita kila saa, wanaitwa wakicheza vizuri na wakicheza vibaya. Beki wa kushoto hajaitwa ata mara moja. Na si mchezaji mbaya, ndio sababu labda, hanipi shida. Nilikuwa kiungo mimi mwenyewe kwa hivyo nafikiri macho yangu yanakaa hapo katikati.

Yule mwenye ako na jeraha la paja nilimpa daftari, alifurahi mpaka akanunua rula. Yeye alama zake zimesema kitu ingine, kwamba nikimtoa mtu nje sisemi naye akifika kwa benchi. Kwangu naona nampa nafasi apoe. Yeye ameandika kwa kando, "hapa ndio mbaya".

Sasa nataka kujaribu karatasi (Mzee funga macho). Maswali matatu tu, nini niendelee kufanya, nini niache, nini nianze. Bila majina. Nilikuwa nataka kepteni ndiye azikusanye anisomee, ni sawa?

winga_mstaafu (Nakuru)

Usimpe kepteni. Kepteni umemchagua wewe, na pia unamtia mashakani na wenzake. Halafu mwandiko wao utaujua, umeona daftari zao.

MwalimuWaMichezo (Bungoma)

Mpe mtu mwenye hana sauti kwa kupanga timu na hapati kitu wakishinda ama wakifungwa. Mwalimu wao wa shule, ama yule mama wa maji kama anasoma vizuri. Azisome zote, aziandike upya kwa mwandiko wake akichanganya, zile za kwanza azichome, akuletee ukurasa mmoja. Na usimuulize hii imetoka kwa nani, ata kwa utani. Siku utauliza, hiyo njia imekufa na hutaipata tena kwa hiyo timu.

Kingine, uchague kitu kimoja kwa hiyo karatasi chenye unaweza badilisha wiki hiyo hiyo na ubadilishe wazi wakiona. Kile huwezi, waambie huwezi na sababu. Mtu akiulizwa maoni halafu aone hakuna chenye kimesonga, ni heri ungeacha kumuuliza.

MadamVoli (Kakamega)

Na hiyo ya mwenye ametoka nje usingoje karatasi, hiyo mtoto wa rula ameshakupa. Akitoka mshike bega, mwambie neno moja la chenye alifanya vizuri, umwambie mengine tutaongea mazoezini. Inachukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Beki wa kushoto naye usimwite sasa kila dakika mpaka ashangae amefanya nini.

KiungoWaKivumbini (Nakuru)

😂😂 Hiyo ningefanya. Sawa Madam. Kuna mwalimu wa shule ya msingi jirani na uwanja, anajua vijana wengi na hajali mpira kabisa, nitamuomba yeye. Nafikiria Jumamosi baada ya mechi wakiwa wote.

MzeeWaBenchi (Kisumu)

Jumamosi hapana. Mkishinda watakuandikia wewe ni malaika, mkifungwa watakuandikia refa. Wape Jumanne, kabla ya mazoezi, wakiwa hawajachoka, na wewe usiwe hapo. Nenda kanunue betri.

KiungoWaKivumbini (Nakuru)

Betri ya nini mzee?

MzeeWaBenchi (Kisumu)

Ya chochote. Usiwe hapo.